Nani Aliigusa?

Wakenya wana utani wao kuhusu Kitui. Mwizi akiiba redio, kisha asikie kwamba mwenyewe ni mtu wa Kitui, atairudisha usiku huohuo tena ikiwa imepanguswa vumbi. Gari likizima njiani bila sababu inayoonekana, lazima abiria mmoja aseme kwa kicheko kwamba kuna mtu amelifunga. Sisi tuliozaliwa huko tunacheka pamoja nao, na wako wanaoitumia sifa hiyo kudai deni. Lakini kilichomo ndani ya utani huo hakiko Kitui peke yake. Kitu kikigoma, swali letu la kwanza ni la mtu. Nani?

Nimekuwa nikilitafakari swali hilo tangu Novemba iliyopita, na kilichonianzisha ni gemu ya kompyuta.

Mpwa wangu na dada yake mdogo wanakaa kwa mama yangu, nje kidogo ya mji wa Kitui. Mimi kazi yangu iko Wote, Makueni. Sebuleni kwa mama kuna kompyuta ya mezani ya mtumba, mojawapo ya zile zinazoingia nchini baada ya ofisi za Uingereza kuzichoka. Jumamosi moja asubuhi kijana akanipigia simu.

"Anko, Roblox imekataa kufunguka. Huyu msichana ameiharibu."

Hukumu ilitangulia kesi. Ushahidi aliokuwa nao ni kwamba dada yake ndiye aliyeitumia mashine mara ya mwisho, akitafuta kazi ya shule. Na tiba alikuwa amekwisha kuzijaribu zote anazozijua: amezima na kuwasha, ametafuta dawa mtandaoni kwa simu yake mpaka bando likaisha, kisha akaenda mjini kwa fundi. Fundi, bila hata kuiona mashine, alimwambia Windows 10 imekwisha muda wake, ailete ipigwe Windows mpya. Maelezo hayo yalikuwa na sura ya ukweli, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ila kuacha kuhudumiwa si kuacha kufanya kazi. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo.

Mimi siipendi dawa ya kufuta kila kitu na kuanza upya. Mara nyingi inaponya, na hilo ndilo linalonisumbua: tatizo linaondoka pamoja na ushahidi wake, likirudi mwakani hakuna anayelitambua. Picha za harusi za watu zimeondoka kwa njia hiyo.

Upande mwingine kuna wale wasiousoma kabisa ujumbe wa mashine. Hapa Wote nilimwona kijana katika kibanda cha gemu, kile ambacho watu hulipia kwa mechi, akibofya PES 2013. Kisanduku cha ujumbe kilitokea, akakifunga. Akabofya tena, kikatokea, akakifunga tena kwa hasira zaidi. Kilikuwa kinamwambia jina la faili iliyokosekana, moja ya zile za DirectX ya zamani ambazo Windows 10 haiji nazo. Microsoft ilizifungasha pamoja Juni 2010, na mtu huzipata bure. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, lakini yeye aliliona kama kizuizi.

Kutafuta hitilafu kwa simu kuna faida moja: huwezi kuchungulia, kwa hiyo unalazimika kumfanya mwenzako aone.

"Ukibofya, kinatokea nini?"

"Haifunguki."

"Hilo ni lile lisilotokea. Kinachotokea ni nini?"

Akanyamaza kidogo. "Kiduara kinazunguka. Halafu kinakuja kidirisha, kinasema kuna shida ya muunganisho. Halafu kinapotea."

"Kuna kitu kingine kimegoma, au ni gemu tu?"

"Ni gemu tu, anko."

Nyuma yake nikasikia sauti ya msichana: "Hata Google ilikataa."

"Nyamaza wewe!"

Nikaomba apewe simu. Ilimchukua muda kuongea, na alipoongea alianza kwa kujitetea kwamba hakubofya chochote kibaya. Alhamisi, alipotaka kufanya kazi ya shule, kila ukurasa ulikataa kufunguka, na skrini ikaandika kwamba saa yake iko nyuma. Aliogopa, akaizima, akaimalizia kazi kwa simu yake.

"Angalia chini kabisa, kona ya kulia. Inasema tarehe ngapi?"

"Tarehe mosi Januari." Kisha, polepole: "Elfu mbili na kumi na mbili."

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Ndani ya kompyuta, kwenye bodi kuu, kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati mashine haina umeme. Plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, bodi hupata umeme kidogo na betri hupumzika. Ukiichomoa, mzigo wote unairudia betri. Ikiwa imechoka, saa inarudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Gemu ya mtandaoni, sawa na benki au ukurasa wowote salama, huomba kwanza cheti cha seva, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa mashine inayodhani ni 2012, kila cheti cha leo bado hakijaanza kutumika. Inakataa kuamini, na ina haki kukataa.

Windows ina uwezo wa kujirekebisha saa kupitia intaneti. Lakini kwa kawaida, kwenye kompyuta ya nyumbani, tofauti ikizidi saa 15 haikubali kurekebishwa yenyewe; inaona heri ishikilie kosa lake kuliko kumwamini anayesema amekosea kiasi hicho. Nawajua watu wa namna hiyo, na wengine ni wa ukoo wetu.

Basi nani aliichomoa? Nikampata mama kwenye simu.

"Mwaitu, wewe ndiye uliyechomoa kompyuta?"

"Na radi ile? Ulitaka iungue?"

Alikuwa sahihi kabisa. Ukambani tunaishi kwa mvua za vuli kuliko zile za masika, na Novemba inapokuja vizuri huja na ngurumo zake. Nyaya za stima vijijini ni ndefu, na radi ikipiga mbali huweza kufuata waya mpaka kwenye runinga yako. Kwa hiyo swali la "nani" lilikuwa na jibu la kweli: mama. Na jibu hilo halingefungua gemu. Betri ilikuwa inakufa kwa miezi. Kama si yeye, ingekuwa siku yoyote stima ikipotea, na stima yetu haikawii kupotea.

Lakini kinachonirudia zaidi ni yule msichana. Katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyeuona ujumbe uliotaja ugonjwa kwa jina, na ni yeye aliyekuwa na sababu kubwa ya kunyamaza. Tukitafuta mkosaji, wa kwanza kufunga mdomo ni aliyekuwa karibu na tukio, na aliyekuwa karibu ndiye aliyeona. Nimekaa katika vikao vya kisima ambako pampu imekufa na kamati inataka kujua ni nani alishika funguo mwisho. Mtu aliyesikia mlio usio wa kawaida wiki moja kabla anatazama viatu vyake. Akisema alisikia, ataulizwa kwa nini hakusema.

Sidai kwamba "nani" ni swali baya siku zote. Fedha za kisima zikipotea, nataka jina. Na sote tumewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi tukaambiwa sistemu iko dauni, maneno yanayoifanya mashine ibebe lawama ya mtu aliyekwenda kunywa chai. Kuna wanaojificha ndani ya "nini" kama wengine wanavyoshambulia kwa "nani". Tofauti yake, naona, ni mpangilio: jua kwanza kilichotokea, halafu ndipo uone kama kuna mtu ndani yake. Mara nyingi utamkuta mtu aliyekuwa anaokoa nyumba isiungue.

Kijana alinunua betri mjini jioni ileile. Nilimwelekeza achomoe plagi, afungue ubavu wa mashine, asukume kishikizo kwa ukucha, aweke betri mpya upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha arekebishe saa ndani ya BIOS. Alipowasha na kubofya, gemu ilifunguka bila ubishi, na jambo la kwanza ililodai ni kujisasisha. Bando lake lilikuwa limeteketea katika kutafuta dawa. La dada yake lilikuwepo.

Aliwasha hotspoti kabla hajaombwa. Msamaha sikuusikia ukiombwa pia, na nilikuwa bado kwenye laini. Mimi katika umri ule nisingewasha.