Chai Iliyonuka Sambaza

Wengine katika kijitabu hiki wataandika juu ya ng'ombe za mahari, juu ya ngoma na kasiksi. Sisi tumechagua chai. Tunajua kuko watu watasema: chai si mila yetu, ililetwa na Wazungu. Ni kweli. Lakini muhogo nao ulitoka Amerika, na nani leo katika Kivu atasema bugali si chakula chake? Kwetu hata asubuhi yenyewe tunaiita chai. Mtu anaweza kunywa uji mtupu, ukimuuliza anakujibu: «Nilishakunywa chai.»

Tunasema «sisi» kwa sababu tuko watoto wanne wa nyumba moja. Habari hii tumeiandika pamoja. Mmoja ameshika kalamu na wengine wanamkatiza.

Tulizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa chai, upande wa Kabare, kule juu ambako ukungu wa msitu wa Kahuzi unashuka mpaka mlangoni. Mama alikuwa mchumaji. Alitoka alfajiri na kitunga mgongoni na kipande cha plastiki kiunoni ili umande usimlowanishe, akachuma majani mawili na kichipukizi chake, si zaidi. Jani la tatu limekomaa, linaharibu chai, na kapita alikuwa akilikuta kitungani anatupa na kupunguza kilo. Baba alifanya kazi ndani ya kiwanda, kwenye chumba cha kunyausha majani. Alikaa mule miaka 22. Jioni akiingia nyumbani, nyumba yote inanukia kama tufaha na majani makavu, na sisi tulidhani ndiyo harufu ya baba wote wa dunia.

Kisha vita vya 1996 vikaja. Kiwanda kikafungwa, wenyewe wakaondoka, na mishahara ya miezi ya mwisho hatukuiona mpaka leo. Miche ya chai isipokatwa inakuwa miti. Mashamba ambayo tuliyajua yakiwa kama mkeka wa kijani yakawa pori, mbuzi zikalala humo. Sisi tukashuka Bukavu, tukapanga nyumba ya mbao. Kutoka siku ile Baba hakutaja tena neno chai. Tulipomwekea kikombe alikunywa, akanyamaza. Mama alitukataza kumuuliza.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa 2003. Dada yetu aliposwa na kijana wa Ijwi, na wakwe wakatoa habari kwamba watakuja kuzungumza mali. Sisi vijana tulipewa kazi ya kununua vya kupokea wageni. Tukanunua mapema, miezi miwili mbele, kwa sababu feza ilipatikana wakati ule na tuliogopa itakwisha. Chai tuliinunua kwa kupimiwa, katika mfuko mwembamba wa plastiki, tukaitupa ndani ya sanduku pamoja na sabuni na gunia la sambaza zilizokauka. Tulijiona wenye akili.

Wageni walivuka ziwa usiku, wakafika asubuhi wakiwa na baridi. Wakakaa, wakasalimia, wakapewa chai. Mnenaji wao alikuwa muzee mmoja mwenye heshima sana, mwenye fimbo. Akanywa mara moja. Akatua kikombe polepole, akamwangalia Baba, akasema:

«Bakwe, hii chai muliipikia mu sufuria ya sambaza?»

Watu wakacheka. Hata upande wetu walicheka. Baba hakucheka. Akachukua kikombe chake, akakinusa tu, hakunywa. Akasimama, akatoka nje. Mtu aliyenusa chai miaka 22 alikuwa amewapa wakwe zake chai inayonuka samaki, na si mkono wake uliofanya, ni sisi.

Katika mila yetu, mwenye nyumba akitoka namna ile wakati wa maneno ya mali, wageni wanaweza kuchukua fimbo zao. Mama ndiye aliyetuokoa. Alikata mchaichai nyuma ya nyumba, akaponda tangawisi, akachemsha, akatia sukari nyingi, akapeleka kikombe cha kwanza kwa yule muzee akiwa amepiga magoti. Muzee akanywa, akasema asante mama, na maneno yakaendelea. Baba akarudi, akakaa. Ng'ombe zikakubaliwa. Lakini wageni walipokwisha kwenda, Baba alisema neno moja juu ya kile kinywaji cha Mama:

«Ile haiko chai. Ile iko dawa ya kikohozi.»

Mama akamjibu: «Basi fundisha batoto bako. Miaka saba unanyamaza.»

Tuliogopa. Hakukasirika. Kesho yake alituomba mikebe mitatu ya maziwa ya unga. Akaiosha kwa maji ya moto bila sabuni, akaianika juani mpaka ikakauka kabisa. Akanunua chai nyingine kwa feza yake mwenyewe, akaigawa mara tatu. Katika mkebe wa kwanza akaweka kipande cha sabuni kilichofungwa katika karatasi, katika wa pili nusu ya kitunguu, wa tatu akaufunga na chai peke yake. Baada ya siku mbili akatupikia vikombe vitatu, akatuamuru tunywe macho yakiwa yamefungwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekosea.

«Munaona? Chai iko sawa na mutoto. Harufu ya pale unamulaza, ndiyo anaamuka nayo.»

Baadaye tulisoma kwamba Wachina wanautumia ubaya huo kwa makusudi: wanalaza majani pamoja na maua ya yasmini mpaka chai inachukua harufu ya maua. Na kuko chai yao nyingine inayokaushwa kwa moshi wa misonobari. Kumbe kosa letu lingekuwa ufundi, kama tungechagua maua na si sambaza!

Kuanzia siku ile Baba alisema. Alisema jioni nyingi, wakati mwingine mpaka makala yanazimika katika mbabula.

Alitufundisha kwanza kwamba chai zote ni mti mmoja. Hapo tulibishana naye, kwa sababu mjini walianza kuuza chai ya kijani katika vikasha vizuri, eti ya kupunguza tumbo, na tuliamini ni mmea mwingine. Sivyo. Mmea ni ule ule. Una jamii mbili kubwa, ile ya China yenye jani dogo na ile ya Assam yenye jani kubwa, ambayo ndiyo inapandwa sana katika Afrika. Tofauti ya rangi inatoka kiwandani. Jani likishachumwa linatandazwa linyauke, saa 12 mpaka 18 hivi. Kisha linapita katika mashine yenye meno inayolikata, inalipasua na kuliviringisha. Hapo linaachwa hewani saa moja au mbili, na hewa inaligeuza kuwa la rangi ya shaba, kama vile avoka iliyokatwa inavyogeuka nyeusi juu ya meza. Halafu linakaushwa kwa moto. Hiyo ni chai nyeusi. Ukitaka ya kijani, unalipitisha jani katika mvuke au chungu cha moto mapema, ili hewa isipate nafasi ya kulifanyia kazi. Nyeupe ni vichipukizi vilivyonyaushwa na kukaushwa tu. Na kuko ile ya katikati, si nyeusi si kijani, wanayoipenda sana Wachina wa kusini na watu wa Taiwan. Ile Baba hakuwahi kuionja. Alisema hivyo kama mtu anayetaja nchi ambayo angependa kufika.

Mama aliongeza lake: inatakiwa karibu kilo nne na nusu mpaka tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. «Mukiimwaga, mukumbuke mugongo wangu.»

Jambo lingine lililotushangaza ni ile chai ya vumbi. Tuliidharau, tukisema ni takataka ya kufagia. Baba alicheka. Mashine ikimaliza, chai inachekechwa kwa ukubwa, na magunia yanaandikwa: BP1 ndiyo punje kubwa, PF1 ndogo zaidi, kisha PD, kisha D1. Hizi za chini ni vumbi kwa ukubwa, si kwa uchafu. Punje ndogo inatoa rangi upesi na nguvu, ndiyo maana inafaa kwa chai ya maziwa na inajazwa katika vile vifuko vya karatasi. Punje kubwa inatoa polepole, ina harufu zaidi. Chai ya Kongo inafika mpaka mnada wa Mombasa, pamoja na ya Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na kule waonjaji wanavuta kijiko kwa kelele kubwa kisha wanatema. Baba alituonyesha namna yao. Mama akasema ni adabu mbaya.

Juu ya kuitunza hakuwa na maneno mengi, kwa kuwa mikebe ilikuwa imesema. Mkebe wa bati wenye mfuniko unaokaza, mkavu, usiwe na harufu ya kitu kingine. Usiweke juu ya jiko, wala dirishani penye jua. Chupa ya kioo inapendeza macho lakini mwangaza unaichosha chai. Usitie kijiko chenye maji. Usiiweke jirani na kahawa, hata siku moja. Nyeusi ikitunzwa hivi inadumu mwaka mmoja, hata miwili. Ya kijani inachoka mapema, afadhali imalizike kabla ya mwaka. Iliyoota ukungu, tupa, usijaribu kuikaanga. Na kununua: usinunue nyingi. Sisi tulinunua ya miezi miwili kwa kuogopa njaa ya feza, na mmeona tulipofika.

Lakini kupika ndiko kulikotuchukua muda. Sisi tulikuwa tunaweka majani katika sufuria pamoja na maji baridi, tunachemsha mpaka yanakuwa meusi kama lami, kisha tunamimina yote katika termosi, majani ndani, ikae mpaka saa nne. Baba alisema termosi ile ni gereza. Majani yanaendelea kutoa uchungu, na ndiyo maana watu wa mjini wanatia sukari vijiko vitano halafu wanalaumu sukari kwa kuwa ghali.

Njia yake ilikuwa hivi. Maji mapya, yasiyochemshwa jana. Birika linapashwa moto kwanza kwa maji kidogo, yanamwagwa. Kijiko kidogo cha majani kwa kila kikombe. Maji yakichemka kwa nguvu, pale pale unamimina, unafunika, unangoja dakika tatu mpaka tano. Kisha unachuja. Ukitaka termosi, tia iliyochujwa. Ya kijani haitaki maji yanayotokota. Iache birika ipumzike kidogo, digri 80 hivi, na dakika mbili zinatosha, la sivyo itakuwa chungu kama kinini.

Hapo kuko jambo la milima yetu ambalo vitabu vya Wazungu havilisemi. Wanaandika digri 100. Lakini Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka kwa digri karibu 95; kule kambini juu zaidi, karibu 93. Kwa hiyo usiiache birika isimame hata kidogo kwa chai nyeusi, na ukiongeza dakika moja hukosei. Labda ndiyo maana mama zetu walichemsha majani sufuriani. Si ujinga wote.

Na maji yenyewe. Tulijaribu maji ya ziwa na maji ya mvua, chai ile ile, saa ile ile. Ya ziwa ilitoka nyeusi, butu, na ngozi nyembamba ikielea juu, kwa kuwa maji ya Kivu yana chumvi nyingi za mawe. Ya mvua ilikuwa nyekundu, inang'aa. Tangu pale Mama aliweka bidoni moja ya maji ya mvua kwa kazi ya chai tu, na aliyenawa miguu kwa maji yale alikiona.

Neno moja tusilisahau, walilotuambia wauguzi: chai kali pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua chuma kilicho katika maharagwe na mboga. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo wangoje kama saa moja baada ya kula.

Baba alikufa 2011. Mkebe wa tatu, ule uliofungwa na chai peke yake, tuliugombania kidogo, halafu Mama akaamua: uende Ijwi kwa dada, kwa sababu aibu ilifanyika kwa wale wa kule. Rangi yake imekwisha, mfuniko umepinda, lakini unakaza bado. Yule muzee mwenye fimbo alikunywa kutoka humo miaka mingi kabla naye hajakwenda, na dada anasema alikuwa akinusa kwanza, kila mara, kisha anatikisa kichwa kwamba ni sawa.

Shemeji yetu hajaacha mchezo. Tukivuka kwenda kuwaona, hata kabla hatujatua mizigo, anamwita mke wake kwa sauti kubwa ili majirani wasikie:

«Mama, bashemeji bamefika. Bapikie sambaza!»