Ukienda Tanga, chunga usije ukajisikia!

Waja leo waondoka leo! Ndivyo mji wa Tanga unavyotaniwa, na mimi safari hii nilitaka niutimize msemo huo kama ulivyo. Nifike Ijumaa, nimsalimie mama mkubwa, Jumapili nigeuze, mchezo kwisha. Nilikaa siku 6. Usije ukanifikiria vibaya mpenzi msomaji, sikunaswa na mahaba ya Kitanga kama washikaji wa kitaani kwetu wanavyovumisha. Lililonikalisha ni neno moja tu: kujisikia.

Vituko vilianza humo humo ndani ya basi. Tuliondoka stendi ya Mbezi, Dar, alfajiri ya saa kumi na moja. Kiti cha mbele yangu alikaa dada mmoja amevaa vidude vya masikioni, konda anamwita nauli hageuki. Konda akatoa hukumu palepale: "Huyu sista anajisikia!" Basi zima likacheka. Tulipofika Segera, pale unapoachana na wanaokwenda Moshi na Arusha ukashika upande wa bahari, mama wa kiti cha nyuma naye akapaza sauti: "Konda, nipe mfuko baba, najisikia kichefuchefu." Hapo hakuna aliyecheka, mfuko ukapitishwa mkono kwa mkono.

Neno hilohilo, gari hilohilo. Mmoja kaonekana ana maringo, mwingine kaonewa huruma.

Shuleni tulifundishwa kuwa hiyo "ji" ya katikati inamrudishia mtu kitendo chake mwenyewe. Ukijikata umejikata wewe, ukijinyoa umejinyoa wewe. Sasa ukijisikia je? Ina maana sauti yako imeyarudia masikio yako? Wapi! Kusikia kwenyewe kuna mambo mengi. Unasikia redio, unasikia harufu ya samaki, unasikia njaa, na mtoto mtundu "hasikii" hata kama masikio yake ni mazima. Ukiongeza "ji" ndiyo mambo yanazidi. Najisikia vizuri, maana yake hali yangu njema. Sijisikii kula, maana yake hamu sina. Anajisikia, ukaishia hapo bila kuongeza neno, basi anaringa huyo, anajiona. Wapo wanaosema kiungwana ni "kujihisi", lakini nenda kalitumie hilo kwenye daladala uone utakavyoangaliwa.

Muheza tukanunua machungwa dirishani, na kabla sijamaliza la tatu tukawa stendi ya Kange. Nikachukua bajaji mpaka Ngamiani, zile barabara zilizopewa namba badala ya majina, baiskeli zinapishana kama siafu. Tanga ina historia yake, bwana. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000, ikapona 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yale unayoyaona njiani. Na kijiji cha Vibambani, kusini ya mji, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Kwa hiyo ukikiborongesha Kiswahili hapa utasahihishwa hata na mtoto wa vitumbua.

Nami nikakiborongesha mara tu baada ya shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Za safari?" mama mkubwa akauliza.

"Nzuri mama, ila najisikia baridi kidogo." Mvua ilikuwa imeninyeshea.

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Sisi huku twaona baridi. Nyie wa Dar ndio mwajisikia. Ndivyo mlivyo, hata mamako."

Jamani! Mama yangu na mama mkubwa, tumbo moja, hawajazungumza miaka 6. Nyumbani tulijua tu kwamba "walikosana kwenye arobaini ya bibi". Sababu hakuna aliyeitaja, na mtoto huulizi.

Usiku tulipokuwa tunakula mihogo ya nazi nikajikaza nikauliza. Akanieleza bila kuficha. Arobaini ya mama yao mzazi, watu wamejaa, kisomo kinakaribia kuanza, mdogo wake hayupo. Anakuja ndugu mmoja kutoka Dar na salamu: "Mdogo wako anasema haji. Hajisikii."

"Hajisikii!" mama mkubwa akarudia, kijiko kikabaki hewani. "Mamaye mzazi, mwanangu. Kwenda kumwombea mamaye, ati hajisikii! Kama anayeitwa sinema."

Mimi mhogo ukanikwama. Wiki ile naikumbuka vizuri, nilikuwa kidato cha pili. Mama alilala kitandani siku nne, presha imepanda, akisimama dunia inazunguka. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa duka la dawa. Na ndivyo tunavyosema kwetu Dar: leo sijisikii, tunalikata hapohapo, "vizuri" tunaimeza. Aliyesikia Dar alisikia mgonjwa. Aliyesikia Tanga akasikia mtu asiye na hamu. Wanasema mjumbe hauawi, lakini huyu wa kwetu angalau angechapwa kofi moja.

Na mambo hayakuishia hapo. Mama mkubwa naye alirudisha jibu: "Mwambieni nimesikia. Anajisikia, huyo." Jibu likafika Dar likiwa zima, na mama aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kunyanyuka kitandani akaambiwa ana maringo. Akavimba mpaka leo.

Nilipomweleza, mama mkubwa hakusema kitu. Alikusanya sahani, akaenda zake uani, akakaa huko muda mrefu.

Kesho yake nikamkimbia kidogo, nikaenda mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini kwa njia ya kwenda Horohoro. Popo, giza na majabali ya chokaa. Nikapiga ukelele mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani nikajisikia kwelikweli, kwa masikio! Kulikuwa na dada wa Kihispania anajifunza Kiswahili, nikamtupia tatizo langu. Akacheka. Kwao nako kuna "sentirse", ni kujisikia kabisa, ila ukitaka kuringa unatafuta neno jingine. Na pole yao, akasema, ni "lo siento", yaani nalihisi hilo. Nikaona wenzetu wamerahisisha. Sisi pole yetu tunampa hata aliyejikwaa barabarani, lakini kwa ndugu inakwama kooni.

Siku ya tano mama mkubwa akaja na simu yake, skrini ina ufa. "Nipigie huyo mamako. Namba yake niliifuta."

Nikapiga kwa simu yangu. Mama akapokea akidhani ni mimi. "Eeh, baba, unarudi lini?"

"Ni mie," mama mkubwa akasema.

Kimya. Mpaka nikasikia jogoo wa jirani.

"Wajisikiaje?" akauliza, na nadhani alilichagua neno lile makusudi.

Sikusikia mama alijibu nini. Nilimwona tu mama mkubwa akikaa chini kwenye kizingiti, ushungi umemshuka, anasema, "Presha? Tangu lini? Mbona hukusema presha?" Na tena, "Mbona hukusema?"

Salio langu lilikata katikati. Akanitolea noti kwenye pindo la kanga. "Nenda kanunue vocha. Ya siku nzima."