Kutoka Themi Hadi Amsterdam: Ni Saa Ngapi Hasa?

Mwezi wa Juni tulimsindikiza mama mmoja, jirani yetu hapa Themi, aliyekuwa akienda Uholanzi kumwona mjukuu wake wa kwanza. Hakuwahi kupanda ndege. Isitoshe ana kisukari, na hujichoma insulini asubuhi na jioni. Siku mbili kabla ya safari alitukabidhi tiketi. "Wanangu, nihesabieni. Nitakaa njiani saa ngapi?"

Tiketi ilionyesha kuondoka Kilimanjaro 20:30, yaani saa mbili na nusu usiku, na kufika Amsterdam 07:15, saa moja na robo asubuhi. Tukatoa haraka, tukapata saa 10 na dakika 45. Tulikosea! Majira ya joto saa ya Uholanzi iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na majira ya baridi kwa saa mbili. Jibu ni saa 11 na dakika 45.

Kwa mstari ulionyooka, Kilimanjaro hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,900. Lakini ndege ya mama ilipitia Dar es Salaam, kilomita 450 hivi kusini-mashariki, ndipo ikageukia Ulaya. Jumla ikawa kama kilomita 7,800. Ajabu ni kwamba umbali wote huo hausogezi saa sana, kwa sababu safari inaelekea zaidi kaskazini. Anayekwenda Beijing, upande wa mashariki, hukuta saa iko mbele yetu kwa saa tano.

Lakini mwili hauanzi kuhesabu ndege inaporuka. Tuliondoka Themi saa tisa na nusu alasiri, tukapita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, kilomita hamsini hivi. Sindano yake ya jioni ni saa moja, na saa hiyo angekuwa amekaa kusubiri ndege, chakula kiko mbali. Kuchoma bila kula kungeweza kushusha sukari hadi azimie. Tukamfungia chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi, tukamwagiza asijichome kabla chakula hakijawa mkononi.

Akina mama, mkimsafirisha mzee mwenye kisukari, muulizeni daktari mapema kuhusu saa za dawa, na mwombeni barua ya kuonyesha uwanjani. Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi; ndani ya sanduku inaweza kupotea au kuganda kwa baridi. Anywe maji, na ainuke mara kwa mara kunyoosha miguu ili damu isigande. Saa yake ya mkononi ibaki ya nyumbani mpaka afike.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu iliita. "Nimefika, wanangu. Sindano ya asubuhi nilichoma kwa saa ya Themi, chai ikiwa mbele yangu. Sasa nimempakata mtoto."