Njia ya chukudu mpaka Lubero



Viazi mviringo, shu na karoti tunazonunua sokoni Butembo, nyingi zinatoka kwenye milima ya Lubero. Sisi tunauliza bei, tunalalamika, tunalipa. Mwezi wa nane 2024, wakati wa likizo, nilikwenda huko na kijana wangu wa miaka 13 kumuona mama mkubwa.

Kutoka Butembo ni karibu kilometa 45 kwa barabara ya taifa namba 2. Tulipanda moto mpaka Musienene, halafu kipande cha njia tukatembea pamoja na vijana waliokuwa wakirudisha chukudu zao bila mzigo. Njia hii inavuka Ikweta. Mtoto hakuamini, maana alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Chukudu ni baiskeli ya mbao, haina pedali wala mnyororo. Kwenye mteremko mwenyewe anapiga goti juu yake. Kwenye mlima inasukumwa. Goma wameijengea sanamu. Lakini siku ile, kila mlima tuliopanda, tulikutana na mama anayesukuma kwa nyuma, mtoto mgongoni. Huyo hakuwekwa kwenye sanamu.

Lubero ni mji mdogo wenye mikaratusi na ukungu, makao ya teritware tangu wakati wa Wabelgiji. Nyumba ya mama mkubwa ina vyumba viwili. Nilikuta humo watu tisa. Vita ilipoingia Kanyabayonga na Kirumba mwezi wa sita, wamama wawili na watoto wao walifika kwake jioni, mvua inanyesha. Hawakuwa ndugu zake. Aliwafungulia.

Nilimwambia, "Mama mkubwa, njoo Butembo. Huku vita inakaribia."

Akanijibu, "Mwanangu, nikiondoka, hawa wataingia kwa nani? Na ninyi kule mutakula nini?"

Usiku alinionyesha gunia la mbegu za viazi chini ya kitanda. Lilikuwa limebaki nusu. Watoto wana njaa, na mwenye njaa anapika hata mbegu. Wale wamama wawili alikuwa amewakatia kipande cha shamba, wamekwisha kulima. Mvua za mwezi wa tisa zilikuwa karibu, na cha kupanda hakikutosha.

Niliporudi nilieleza jambo hili kwenye likelemba yetu. Hatukugombana sana. Zamu moja tuliitoa kununua mbegu, zikapanda kwa moto kabla ya mvua.

Kundi lenu nalo linaweza kufanya hivyo. Nguo na sabuni zinasaidia, lakini tuulize kwanza kama mbegu ipo. Na mkipata siku ya usalama, pelekeni watoto waione njia ile. Kijana wangu siku hizi hatupi kiazi kwenye sahani.