Hema la kulipia

Huko Marekani, katika jimbo la Utah, kuna mahali pa mawe mekundu ambapo watu hutoa pesa ili walale ndani ya hema. Kwa msikilizaji aliyewahi kulala katika kambi ya Bulengo au Kanyaruchinya, habari hiyo inaweza kuchekesha, ama kuumiza. Familia moja ya Rutshuru inayoishi Salt Lake City ilipata yote mawili, mwezi wa kumi mwaka 2023.

Familia hiyo ilikimbia vita mwaka 2012, ikavuka Bunagana, ikakaa miaka katika kambi ya Rwamwanja, Uganda, kabla ya kupelekwa Marekani. Watoto wawili wa mwisho walizaliwa kambini lakini hawakumbuki kitu. Shuleni walisikia wenzao wakisimulia jinsi walivyolala porini, wakaanza kumwomba papa wao. Papa alikubali. Mama alikataa.

“Tulikimbia vita tukalala chini ya shitingi,” aliwaambia. “Sasa tutoe franga zetu ili turudi chini ya shitingi?”

Kilichomlegeza ni kibao cha namba cha gari lao. Kina picha ya tao, yaani jiwe lililopinda kama mlango usio na nyumba. Mama alidhani ni mchoro tu. Kijana wake mkubwa alipomwambia kwamba jiwe hilo lipo, na hakuna mtu aliyelijenga, alitaka kuliona kwa macho yake.

Walisafiri karibu saa nne kwa gari hadi Moab, mji mdogo karibu na mto Colorado. Hapo jirani ndipo ilipo hifadhi ya taifa ya Arches, yenye matao zaidi ya 2.000. Walisimamisha hema kabla ya jua kuzama. Mama alishika jiwe lenye ncha, akaanza kuchimba mfereji wa maji kuzunguka hema, kama alivyozoea Rwamwanja. Kijana wake alimzuia: ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchimba. Watoto walicheka. Papa hakucheka.

Usiku aliweka viatu karibu na kichwa, na mfuko wa karatasi za familia chini ya shingo. Upepo ulipopiga hema, alikaa macho. Hakukuwa na mlio wa risasi, wala mtoto wa jirani anayekohoa. Usingizi ulimchukua karibu na asubuhi.

Kulipokucha walipanda kwenda kwenye lile tao la kibao cha gari, linaloitwa Delicate Arch. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 5, juu ya mwamba mtupu usio na kivuli, kila mtu na lita 2 za maji. Tao lenyewe lina urefu wa karibu mita 16 kwenda juu, na limesimama peke yake. Mama alikaa chini, akalitazama bila kusema neno.

Mawe hayo si kama yetu ya Goma, yaliyotoka Nyiragongo yakiwa moto mwaka 2002 na 2021. Yale ni mchanga wa zamani sana uliogeuka mwamba juu ya tabaka nene la chumvi. Chumvi iliposogea, mwamba ulipasuka kwa mistari mirefu. Maji huingia katika nyufa, wakati wa baridi yanaganda, yanavimba na kubomoa jiwe kidogo kidogo, mpaka ukuta unatoboka. Na kinachoufungua ndicho kinachouangusha: mwaka 2008 tao moja kubwa, Wall Arch, lilianguka usiku.

“Kumbe nayo huanguka,” mama alisema alipoelezwa.

Asubuhi hiyo, Goma ikiwa tayari jioni, papa alikuwa ametuma picha ya familia mbele ya hema kwa dada yake aliyekuwa Bulengo. Simu ilipopata mtandao, sauti ya shangazi iliingia, akilia: “Kaka, wamewafukuza tena? Hata kule?”

Papa alimpigia, akaeleza kwa muda mrefu. Shangazi alinyamaza, kisha akauliza:

“Mlilipa?”

“Tulilipa.”

“Na kesho mnarudi nyumbani?”

“Kesho tunarudi.”

“Basi hiyo si kambi.” Halafu akaongeza: “Mkimaliza, hilo hema mnitumie. Langu linavuja.”

Alisema kwa kucheka, lakini mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimeanza na shitingi yake ilikuwa imechanika. Hema kutoka Utah lisingefika haraka. Jioni ile, kabla ya kuwasha moto wa kupika, mama mwenyewe alimwambia mume wake atume pesa kwa simu. Siku ya tatu shangazi alituma picha yake: shitingi mpya, imefungwa kwa kamba, pembeni mawe meusi ya volkano yameishikilia.

Watoto wameuliza watarudi lini kwenye matao. Mama hajakataa.