Usukani Uliotetemeka

Usukani wa Land Rover yangu kuukuu ulitetemeka kila gurudumu lilipopiga shimo. Nikanunua shokapu mpya ya usukani, kile kibomba chenye mafuta ndani. Ukatulia, nami nikajisifu.

Baada ya majuma machache nilikuwa nimewapakia wanangu. Mteremkoni usukani ukatikisika kwa nguvu, nusura tuingie korongoni!

Fundi mzee akalala chini ya gari, akanionyesha vichwa vya tairodi vilivyolika. Akasema, "Mwanangu, shokapu hupunguza mtikisiko tu, haikazi kilicholegea."

Tukabadili vichwa, tukapima upepo wa matairi, tukanyoosha magurudumu ya mbele. Kwa gari zima shokapu ni msaada. Kwa gari bovu huficha ugonjwa.