Kitoto Kisichoamkia

Mjomba alikileta kutoka Muscat, anakofanya kazi: kifaa cha mviringo kinachotoshea kiganjani, kinachopokea amri kwa sauti. Kwetu Mbagala Kuu tumekiweka juu ya friji, karibu na kopo la karafuu, kwa sababu ndipo penye soketi isiyolegea. Kilikuja kwa ajili ya Bibi. Bibi ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kusema kweli, nyumba inayosikia ina maana zaidi kwake kuliko kwangu. Mimi taa naiwasha kwa kidole. Yeye anapapasa ukuta.

Tatizo la kwanza lilikuwa la adabu. Bibi anatoka Utete, Rufiji, na kwake mazungumzo hayaanzi bila salamu. Kifaa hiki unakiita jina, kinawaka taa ya buluu, kinasubiri amri. Hakisemi shikamoo, hakiulizi umeamkaje. Siku ya kwanza Bibi alikitazama upande sauti ilikotokea akasema, "Kitoto gani hiki hakiamkii wakubwa?" Jina likabaki hilo. Kitoto.

Tatizo la pili ni kwamba Kitoto hakijui Kiswahili. Kinajua Kiingereza, tena si hiki chetu cha shule ya kata. Nikikiambia kwa Kiingereza changu cha kawaida kizime taa, kinaniomba radhi. Nikibana pua na kuviringisha ulimi kama waigizaji wa filamu za Marekani, kinazima. Naandika tasnifu ya shahada ya pili kwa Kiingereza, nimefanya usaili kwa Kiingereza, lakini nyumbani kwetu nalazimika kuigiza ili taa izimike. Bibi akinisikia hucheka mpaka anakohoa. "Mke mwenzangu, una mafua?"

Sitazungumzia sana umeme, kila mtu wa Dar ana hadithi yake ya umeme. Intaneti tunaipata kwa kiruta cha laini, na bando likiisha katikati ya mwezi Kitoto kinakuwa pambo. Ukifikiria ni kichekesho: taa iko hatua tatu kutoka kitandani, lakini sauti ya mtu inabidi ivuke bahari, ichambuliwe kwenye kompyuta za kampuni huko ng'ambo, kisha jibu lirudi Mbagala. Na hapo jirani asiwe na kigodoro. Usiku wa ngoma hakisikii mtu yeyote, mwenye pua iliyobanwa au isiyobanwa.

Kilichoniuma ni suala la saa.

Dawa ya Bibi ni ya matone, mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja usiku. Daktari alisisitiza asichelewe, kwa sababu mshipa wa jicho ukishakufa haurudi. Mimi nikiwepo namtilia. Wiki ya mitihani nililala kwa rafiki Mlimani, maana kutoka Mbagala hadi chuo asubuhi ni safari ya kubahatisha. Bibi hakutaka kuwasumbua majirani. Alikuwa ameshanisikia mara nyingi nikitega alamu, na namba za Kiingereza anazijua tangu madarasa ya elimu ya watu wazima: wan, tuu, thrii. Jioni akakiita Kitoto, akakiambia kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake: alamu, wan.

Kitoto kikakubali. Kwa mara ya kwanza kilimwelewa kila neno. Bibi akaswali magharibi, akajilaza kidogo akingojea.

Kikalia saa saba usiku.

Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza, na huku kwetu, kusini kidogo tu ya ikweta, jua halibadilishi sana ratiba yake. Saa moja ya kwanza ya mchana ndiyo saa moja. Hesabu haina kasoro. Kila mtoto wa Tanzania anatazama simu iliyoandikwa 7:00 na kusema saa moja bila kuhisi kwamba ametoa sita. Bibi naye alitafsiri neno sawasawa, moja ni wan. Matone yakachelewa saa sita kamili, yaani ule ule umbali uliopo kati ya saa zetu na zao. Aliniambia kesho yake kwa simu, bila lawama. Alishangaa tu kwamba saa moja ya siku ile barabara ilikuwa kimya.

Tangu hapo amerudi kwenye adhana. Isha ikiadhiniwa, dawa. Dakika zinacheza kidogo, lakini adhana haimwelewi vibaya.

Si kwamba mashine haziwezi Kiswahili. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ikitenga hata cha Kenya na cha Tanzania. Mozilla nao wana mradi wa Common Voice, ambapo mtu yeyote anachangia sauti yake: unasoma sentensi kwa sauti, wengine wanasikiliza na kupiga kura kama umesoma kilichoandikwa. Kiswahili kimo. Nikajiuliza ni sauti ngapi humo za mabibi wa Rufiji, nikafungua simu.

Bibi hawezi kusoma, basi mimi namnong'oneza sentensi, yeye anairudia. Ya kwanza ilihusu wadau na utekelezaji wa mkakati. "Wadau ndiyo kina nani?" akauliza, na swali likarekodiwa. Nikafuta. Ya pili aliikataa, akasema mtu aliyelelewa vizuri hasemi hivyo, akanipa aliyoiona bora. Kweli ilikuwa bora, ila si iliyoandikwa, na wapiga kura wangeikataa. Nikafuta.

Ya tatu ilikuwa fupi, ya mvua. Hiyo aliisema yote bila kusita, kisha kabla sijabonyeza akaongeza kwamba mwaka huu mvua imechelewa na mbaazi za Utete sijui zitakuwaje. Nikamwomba arudie sentensi peke yake. Akarudia. Mbaazi nazo akazirudia.